Chombo cha Kuishi Ndani Yake Ziwani: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Ziwa Tanganyika ni la nchi nne: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Wapo ndugu zetu, wavuvi na wachuuzi, ambao hupika na kulala ndani ya vyombo vyao kwa siku nyingi, pengine pamoja na watoto. Kwao tunaandika, kwa kuwa mnunuzi wa chombo cha namna hiyo hununua nyumba na usafiri kwa pamoja, na mara nyingi huiangalia nyumba akausahau usafiri.

La kwanza ni umbo. Chombo kipana hutulia majini kuliko chembamba. Wengi huongeza chumba cha juu ili wapate nafasi, lakini kila uzito upandao juu hukipunguzia chombo uwezo wa kujiinua kinapolala upande. Magunia, maji na vyombo vizito vikae chini, karibu na mkuku.

La pili ni mbao. Chombo kikaguliwe kikiwa nchi kavu. Chomeni ncha ya kisu kwenye mkuku na mataruma; ikizama kwa urahisi, mbao imeoza. Chombo kilichokaa juani huvuja mwanzoni hadi mbao zivimbe. Basi ngama ipimwe baada ya siku kadha majini, si saa ile ya kushushwa.

La tatu ni moto. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huwaua waliolala. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa ya kawaida. Hushuka chini ya chombo ukangoja cheche. Jiko liwe mahali pa wazi, mbali na mashine na mafuta.

La nne ni nanga. Kina cha ziwa hufikia mita 1,470 hivi, na kingo zake nyingi huteremka ghafla. Kamba fupi haifai. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu. Kamba ikikatika usiku, familia yaweza kulala katika nchi moja na kuamka katika nyingine. Askari wa doria hawezi kujua kwa kuwatazama tu kama wamesukumwa na upepo au wanapitisha magendo.

Ndiyo maana la tano ni hati. Muuzaji aonyeshe cheti cha usajili, na namba iliyoandikwa ubavuni ilingane nacho. Chombo kisicho na hati chaweza kuwa cha wizi, na aliyekutwa nacho ndiye atakayeulizwa. Hati za chombo na za watu zihifadhiwe katika mfuko usiopenya maji, na kila mtu, hata mtoto, awe na jaketi okozi linalomtosha.

Mwisho, ndugu wananchi, kabla ya kulipa ombeni mlale humo usiku mmoja, chombo kikiwa kimefungwa mwaloni. Usiku huo utawaeleza mengi ambayo muuzaji hakuyataja.