Figo ya Nguruwe: Vita Huanza Baada ya Kushonwa

Machi 16, 2024, madaktari wa Massachusetts General Hospital mjini Boston, Marekani, walimpandikizia Richard Slayman, mwenye umri wa miaka 62, figo ya nguruwe aliyefanyiwa mabadiliko 69 ya jeni. Damu ilipoachiwa kuingia, figo iligeuka rangi ya waridi na mkojo ukaanza kutoka mgonjwa akiwa bado mezani. Siku ya nane, mwili wake ukaanza kuikataa.

Figo ya nguruwe wa kawaida isingefika hata siku hiyo ya nane. Seli za nguruwe zimebeba sukari iitwayo alfa-gali, ambayo binadamu hana. Bakteria wa utumboni mwetu wana sukari inayofanana nayo, hivyo tangu utotoni miili yetu hutengeneza kingamwili dhidi yake. Kiungo kikiingia, kingamwili hizo zinakuwa tayari zipo kwenye damu. Hushika kuta za mishipa yake na kuamsha protini zinazotoboa seli, damu huganda, na ndani ya dakika au saa chache kiungo hugeuka cheusi na kufa.

Ndiyo sababu ya kuhariri jeni. Katika yale mabadiliko 69, matatu yaliondoa alfa-gali na sukari nyingine mbili zinazochokoza kinga. Saba yaliingiza jeni za binadamu, baadhi zikiwa za kutuliza protini zile zinazotoboa seli na nyingine za kuzuia damu kuganda ovyo, kwa sababu protini ya nguruwe inayofanya kazi hiyo haipatani vizuri na damu yetu. Mengine 59 yalizima virusi vilivyojificha ndani ya jeni za nguruwe mwenyewe.

Kazi hiyo ni kubwa, na inastahili heshima yote. Lakini imetatua ukataaji wa haraka tu. Uliompata Slayman ni wa aina nyingine: seli za kinga ziitwazo seli T zilitambua protini ngeni, na protini za nguruwe ni maelfu, haziwezi kufutwa zote. Dawa ziliutuliza, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Alifariki Mei mwaka huohuo, na hospitali ilieleza kwamba haikuona dalili kuwa upandikizaji ndio uliomuua.

Fundo lenyewe analionyesha Towana Looney wa Alabama, aliyepandikizwa figo ya nguruwe New York Novemba 2024. Figo yake ilifanya kazi siku 130. Kisha akapata maambukizi, madaktari wakalazimika kumpunguzia dawa za kushusha kinga ili mwili upambane nayo, na kinga iliyoamka ikaigeukia figo. Aprili 2025 ikatolewa, naye akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Dawa zikizidi, vijidudu vinamvamia mgonjwa. Zikipungua, kiungo kinakufa. Hakuna jeni iliyohaririwa inayoondoa mvutano huo peke yake. Kwa maoni yangu, sasa matumaini makubwa yako kwenye dawa mpya, hasa zile zinazokata mawasiliano kati ya seli za kinga bila kuidhoofisha kinga nzima.

Mwaka 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiruhusu kampuni ya United Therapeutics kuanza majaribio rasmi ya figo za nguruwe, kwanza kwa wagonjwa sita, kisha hadi 50 mambo yakienda vizuri. Kila mmoja atafuatiliwa kwa karibu wiki 24, halafu maisha yake yote. Wiki 24 ni siku 168. Tuyapime majaribio hayo kwa siku hizo, si kwa wingi wa jeni zilizobadilishwa.