Maua ya Shaba na Kaye ya Delege



Kila mtoto wa Kolwezi ao Likasi anajua kilima kisicho na miti. Pembeni pote kuko pori, lakini pale juu ni majani mafupi tu na maua madogo ya bluu, yale wanaita maua ya shaba. Miti haioti pale juu shaba ni nyingi mno mu udongo. Maua yale yanaivumilia. Maua yanaonekana, shaba haionekani. Ukijua kusoma kimoja, unafikia kingine.

Sisi tunapenda sana mambo ya namna hiyo. Mwaka wa 6 wa sekondari, mwalimu wa filozofia aliandika ku tablo neno metafizika, na darasa lote likacheka. Alisema neno lilitoka ku vitabu vya Aristote vilivyopangwa nyuma ya vile vya fizika: ni kuuliza nini iko nyuma ya yale tunaona kwa macho. Tulicheka, lakini tulipoingia ku mine, neno liliingia pamoja na sisi.

Musifikiri ni maneno ya wenye madiplome tu. Padri Placide Tempels, aliyefika Congo mwaka 1933, alitoa kitabu chake juu ya filozofia ya Bantu mwaka 1945, hapa Lubumbashi. Aliandika kwamba kwa mtu wa huku, kuwa ni kuwa na nguvu, na nguvu ya mmoja inagusa ya mwengine. Miaka ya 1950, ku Kolwezi, wafanyakazi wa mine na wake zao waliketi naye, na Jamaa ikazaliwa. Watu waliotoka kazini walizungumza juu ya uzima, uzazi na mapendo. Hao ni wazazi wetu.

Lakini kutafuta yaliyofichama kunaweza kuumiza pia.

Mwenzetu mmoja aliangukiwa na jiwe mu galeri, mwisho wa posti ya usiku. Maiti haijatoka hata ku ospitali, ndugu zake walikuwa wamekwisha kupata sababu. "Weye njo ulimuuza," walimwambia mjane. Juu ya nini? Juu mwezi ule alikuwa amenunua mashini ya kushona. Kifo, mashini, feza: waliunga vitatu, wakaona alama. Walitaka kumtosha mu nyumba na watoto wane.

Sisi tulikuwa na kaye. Tangu tulipochaguliwa delege, kila ajali tunaandika: siku, saa, mahali, mvua ao jua, mtu amefanya saa ngapi. Usiku ule tuliifungua ku kilio. Tuliona kitu cha ajabu: ajali nyingi ziliangukia siku ya tatu ya juma. Mzee mmoja akasema, "Munaona? Ile siku iko na mwenyewe." Na sisi, kusema kweli, mwili ulitusisimuka.

Lakini maua si shaba. Tukachimba zaidi. Siku ya tatu njo siku ekipi zilikuwa zinabadilishana: mwenye kutoka usiku anarudi mchana, hajalala. Tena nyingi zilikuwa saa za mwisho wa posti, na miezi ya mvua, wakati maji yanapenya mu mapasuko ya mawe. Mwenzetu alikuwa amefanya posti mbili moja kwa moja, nyuma ya mvua kubwa.

Tulisoma yote mbele ya familia. Mjomba mkubwa alinyamaza, kisha akauliza: "Jiwe lilianguka juu ya mvua, sawa. Lakini juu ya nini lianguke ku yeye, hapana ku mwenzake?"

Ni ulizo nzuri, bandugu. Metafizika inaanza hapo, na kaye yetu haina jibu. Tulimwambia hivyo. Tukamwambia tena: ulizo ambalo hakuna mtu anajua jibu lake haliwezi kumfukuza mama mu nyumba yake. Mjane alibaki, na mashini ile njo inalisha watoto leo.

Kaye tuliipeleka ku wakubwa wa kompani. Walituambia ni bahati mbaya. Tulirudi, tukarudi tena, miezi mingi. Leo ekipi inayotoka usiku inapata siku moja ya kulala mbele ya kuingia mchana. Posti mbili mbili bado wanazifanyisha, tunaendelea kupambana.

Kwa hiyo kila nyumba ipate kaye. Mama, bwana akirudi, muulize: umefanya saa ngapi? Mawe ya juu waliyapima? Maji ilikuwa inatoka wapi? Andika. Ukiona alama, usikimbilie jina la mtu. Angalia kwanza ni nini inayorudia, halafu lete kaye ku delege wako, hata kama hakuna aliyekufa. Na zaidi kama bado hakuna aliyekufa.