Upepo umeezua paa? Mambo ya kufanya kabla fundi hajapanda juu

Mvua ya upepo hudumu dakika chache tu. Ikikata, bati zimetua shambani kwa jirani, silingi bodi imelowa na godoro linavuja maji. Mwenye nyumba wa kawaida humpigia fundi kwanza. Kama nyumba ina bima, haraka hiyo inaweza kumkosesha fidia.

Mei 4, 2024, Kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu katika Kisiwa cha Mafia, na nyumba kadhaa za ukanda wa pwani zikaathirika. Lakini paa halisubiri kimbunga. Mvua za kawaida za masika na vuli huezua nyumba kila mwaka, mijini na vijijini.

Kwa nini bati huruka?

Upepo mkali ukipita juu ya paa, hulivuta kwenda juu. Ukipenya ndani kupitia dirisha au mlango ulio wazi, husukuma paa kutoka chini. Nguvu hizo mbili zikikutana, sehemu dhaifu huachia kwanza: kingo za paa, kofia, au kenchi zisizofungwa vizuri kwenye ukuta.

Hapo ndipo wengi hukwama kwenye bima. Kama mbao zimeliwa na mchwa au misumari imekufa kwa kutu, kampuni inaweza kusema chanzo ni uchakavu, si upepo. Na bima hailipi uchakavu.

Je, bima yako inagusa upepo?

Bima nyingi za nyumba hapa Tanzania huanzia kwenye bima ya moto. Dhoruba na mafuriko mara nyingi ni nyongeza inayotakiwa kuandikwa kwenye mkataba. Soma uone kama neno "dhoruba" limo. Mkataba ukiwa wa Kiingereza, mwambie wakala akuonyeshe kipengele chenyewe, asikujibu kwa mdomo tu.

Kama ulijenga au kununua nyumba kwa mkopo wa benki, waulize. Huenda benki ilikukatia bima ukasaini bila kujua, na ada unailipa kila mwaka.

Hatua za kufuata

1. Usalama kwanza. Zima umeme kwenye swichi kuu kama unaifikia pakiwa pakavu. Waya ukiwa chini, usiuguse, wapigie TANESCO.

2. Piga picha na video kabla ya kusafisha. Anza na nyumba nzima kwa nje, kisha paa, kenchi, dari na kila kitu kilicholowa.

3. Toa taarifa siku hiyo hiyo. Piga simu kwa kampuni au wakala, kisha tuma ujumbe wa maandishi au barua pepe ili ubaki na ushahidi. Mikataba huweka muda wa kutoa taarifa, na ukichelewa unawapa sababu ya kukukatalia.

4. Zuia hasara isiongezeke. Funika kwa turubai, hamisha vyombo. Hili ni jukumu lako kimkataba. Tunza risiti za turubai na vibarua.

5. Usitupe wala kuuza bati zilizong'oka. Mtathmini wa hasara atataka kuziona. Ukizipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, umeuza ushahidi.

6. Pata barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayoeleza tukio na tarehe, pamoja na makadirio ya fundi yenye mchanganuo: bati ngapi, geji gani, mbao ngapi, ufundi kiasi gani.

Matengenezo makubwa yasubiri ukaguzi, au ruhusa ya kampuni kwa maandishi.

Mbona wamelipa nusu?

Hili ndilo huleta ugomvi. Chukua mfano: kuijenga upya nyumba yako kunahitaji Sh60 milioni, lakini uliikatia bima ya Sh30 milioni ili ada iwe ndogo. Upepo ukaleta hasara ya Sh8 milioni. Kwa kuwa uliweka bima nusu ya thamani, kampuni inaweza kukulipa nusu ya hasara, yaani Sh4 milioni.

Bado kuna kiasi ambacho mkataba unasema utabeba mwenyewe. Kikiwa Sh400,000, mkononi unapata Sh3.6 milioni. Sh4.4 milioni zilizobaki ni zako. Ndiyo maana bei ya bati na saruji ikipanda, thamani kwenye bima nayo irekebishwe.

Usikubali haraka

Kabla ya kulipwa utapewa fomu ya kukubali malipo. Mara nyingi inasema kwamba hutadai tena kwa tukio hilo. Isome mpaka mwisho. Kama kiasi hakieleweki, omba maelezo kwa maandishi kabla ya kusaini.

Wakikukatalia, wadai sababu kwa barua na uwasilishe malalamiko kwao kwanza. Msipoelewana, nenda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na kama paa lako bado liko salama, toka nje leo ukalipige picha na simu yako, kisha uzitume picha kwenye barua pepe yako mwenyewe. Siku ukiambiwa "bati zilikuwa zimechoka", utakuwa na cha kuonyesha.