Ratili 30 Zilizowazuia Akina Mama Kupanda Cheo



Mara nyingi mwanamke hazuiwi kupanda cheo kwa maneno ya dharau. Huzuiwa kwa maneno ya huruma. Huambiwa kazi ile ni nzito, ni ya usiku, mashine yake ni ya hatari, naye ana watoto, basi abaki hapa penye kazi nyepesi. Na hapo penye kazi nyepesi ndipo penye mshahara mdogo. Safari hii tunaeleza jinsi maneno ya namna hiyo yalivyopimwa mahakamani huko Marekani. Kesi yenyewe aliianzisha mfanyakazi wa kawaida kama sisi.

Jina lake ni Lorena Weeks. Alikuwa karani katika kampuni ya simu iliyoitwa Southern Bell, katika jimbo la Georgia. Southern Bell ilikuwa moja ya kampuni zilizo chini ya AT&T, kampuni kubwa iliyoendesha sehemu kubwa ya simu za Marekani siku zile. Kufikia mwaka 1966 Bibi Weeks alikuwa ametumikia miaka 19. Mwaka huo kampuni ilitangaza nafasi ya fundi wa mitambo ya kuunganisha simu, kazi yenye mshahara mkubwa kuliko wake. Akaomba. Akajibiwa kwamba kazi ile haipewi mwanamke, na nafasi ikaenda kwa mwanamume aliyetumikia miaka michache kuliko yeye.

Hapa tuwaombe wanachama wasome polepole. Mkataba kati ya chama cha wafanyakazi na kampuni ulisema wazi kwamba katika waombaji wanaoiweza kazi, nafasi apewe mwenye miaka mingi ya utumishi. Kwa hiyo Bibi Weeks hakuwa akiomba hisani. Alikuwa akidai kifungu kilichokwisha kuandikwa na kutiwa sahihi.

Kampuni ilijitetea kwa uzito. Katika jimbo la Georgia palikuwa na kanuni iliyokataza mwanamke kuinua kazini kitu kinachozidi ratili 30, yaani kama kilo 13 na nusu. Fundi wa mitambo alikuwa na chombo kimoja cha kupimia chenye ratili 31. Kwa ratili moja hiyo mama akafungiwa mlango. Lakini mashine ya taipu aliyokuwa akiiinua yeye mwenyewe katika ukarani wake ilikuwa na ratili 34, na wala hakuna bwana mkubwa aliyewahi kumwonea huruma kwa ajili ya hiyo. Sisi huku tutacheka zaidi, maana jerikani ya maji ya lita 20 ina kilo 20, na kila mmoja wetu anajua ni nani anayeibeba kutoka kisimani.

Mahakama ya kwanza ilimkatalia. Ndipo chama cha kutetea haki za wanawake kiitwacho NOW, kilichoundwa mwaka 1966, kilipomletea wakili mwanamke, Sylvia Roberts, wakakata rufani. Mwezi wa Machi 1969 Mahakama ya Rufani iliamua mambo mawili ambayo yanafaa kukumbukwa. La kwanza, haitoshi mwajiri kusema tu kwamba wanawake hawaiwezi kazi. Ni juu yake kuthibitisha, kwa mambo ya hakika, kwamba wanawake wote au karibu wote hawawezi kuifanya kwa usalama. La pili, kama kazi ni ngumu au ya hatari, wanaume siku zote wameachiwa wenyewe waamue iwapo mshahara wake unastahili taabu hiyo. Mwanamke naye aachiwe aamue. Hata hivyo kampuni ilizidi kuvuta miguu, na ni mwaka 1971 ndipo Bibi Weeks alipopewa kazi ile pamoja na malimbikizo ya dola kama 31,000.

Mtu anaweza kuuliza, mmoja amepata, je maelfu waliobaki? Swali hilo aliulizwa AT&T yenyewe. Tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usawa kazini iliichunguza kampuni nzima, na ikakuta ngazi mbili. Wapokea simu walikuwa karibu wote wanawake, na ngazi yao ilikuwa fupi, juu yake mkuu wa chumba cha simu basi. Mafundi walikuwa karibu wote wanaume, na ngazi yao ndiyo iliyofika mbali. Tunaona hili ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii. Mwanamke aliyenyimwa kazi ya ufundi hakupoteza mshahara wa mwezi ule peke yake, alipoteza na vyeo vyote vilivyokuwa mbele ya kazi ile. Mwezi wa Januari 1973 AT&T ilikubali kulipa dola milioni 15 kwa wanawake 13,000 hivi na wanaume 2,000 hivi wa makabila yaliyobaguliwa, kurekebisha mishahara ya wengine wengi, na kufungua kazi za ufundi kwa wanawake.

Vyama vya wafanyakazi navyo havikuwa na msimamo mmoja, na haifai tulifiche jambo hilo. Vyama vingi vya Marekani vilikuwa vimezitetea kanuni za kuwalinda wanawake kwa muda mrefu, kwa sababu zamani zilipiganiwa ili kuwaokoa na unyonyaji wa viwandani. Chama cha wafanyakazi wa simu kilipinga baadhi ya masharti ya mwaka 1973 kwa kuona yanavuruga haki ya miaka ya utumishi. Ulinzi wa kweli upo, na mama mjamzito anauhitaji. Lakini ulinzi unaomlinda mtu asipate mshahara, huo tuuchunguze mara mbili.

Hapa Uganda Katiba ya 1995 inampa mwanamke hadhi sawa na mwanamume, na inamtaka mwajiri amlinde mama wakati wa ujauzito na baada ya kuzaa. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi kazini na inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mwaka 2005 Uganda iliridhia pia mikataba namba 100 na 111 ya Shirika la Kazi Duniani juu ya mambo hayo hayo.

Kwa hiyo nafasi ya nyapara, ya dereva wa trekta, ya karani wa mizani au ya fundi wa mashine ya kukausha majani ikitokea, mwakilishi wa chama adai itangazwe ubaoni, isipitishwe kwa kunong'onezana. Mama anayeitaka aombe kwa barua. Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi. Sababu ikiwa ni uzito, kitu chenyewe kipelekwe kwenye mizani, na kapu la majani analobeba kila siku lipimwe kando yake. Barua ziwe na nakala mbili, moja ibaki kwa mwakilishi.