Mkweche Usiwavunjie Ndoa

Jumamosi asubuhi, mmepanga kwenda Muleba kusalimia wakwe. Watoto wameshavaa, zawadi ziko kwenye buti. Unapiga stata, kimya! Hata fundi hajapigiwa simu, maneno yameshaanza: "Si nilikwambia tusilinunue hili gari?"

Kwa wanandoa wengi vijana wa Bukoba hii si hadithi ngeni. Gari la kwanza la familia huwa ni Noah, Spacio au RAV4 iliyokwishatumika Japani, ikashuka bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa zaidi ya kilomita 1,300 mpaka Kagera. Wengine hununua kwa mtu ambaye naye alinunua kwa mtu. Halafu kuna mvua zetu, vilima na tope la njia za vijijini ukishaacha lami. Spea ikikosekana mjini, inasubiriwa kutoka Mwanza, na gari linalala gereji.

Lakini jamani, tuseme ukweli. Gari kuharibika peke yake hakuvunji ndoa. Kinachouma ni pesa zinazotoka bila mwenzako kujua. Mmoja anakopa kazini kulipia gia boksi, mwingine anashangaa ada ya mtoto imeenda wapi. Mkweche unakuwa mtu wa tatu ndani ya nyumba!

Mfanyeje?

Kagueni kabla ya kulipa. Nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji. Injini iwashwe ikiwa ya baridi. Moshi wa bluu ni dalili kwamba inakula oili. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, huenda maji yanaingia ndani. Lipandisheni mlima, msikilize gia zinavyoingia. Kilomita za kwenye dashibodi msiziamini sana, mita hurudishwa nyuma. Kama injini inatumia mkanda wa taimingi na hakuna anayejua ulibadilishwa lini, wekeni bei ya mpya kwenye hesabu.

Fungueni mfuko wa gari. Kila mwezi wekeni kiasi pembeni, hata kama gari ni zima. Kila risiti ya fundi iingie kwenye daftari ambalo wote mnaliona. Mwenye kuendesha asiwe peke yake mwenye kujua.

Wekeni kikomo mapema. Kubalianeni: matengenezo ya mwaka yakikaribia nusu ya bei ambayo gari lingeuzwa, linauzwa. Ukishatoa laki tatu, roho inakwambia ongeza mbili, "si tumeshatengeneza karibu kila kitu?" Hapo ndipo wengi wanapozama. Kikomo mlichokiweka mkiwa na akili tulivu kitawaokoa.

Kadi ina jina la nani? Hili wengi wanaona aibu kuliuliza. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa mna haki sawa. Na ndoa ikivunjika, mahakama huangalia mchango wa kila mmoja. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Kwa hiyo dada unayelipa chakula na kodi ya nyumba ili kaka alipe fundi, na wewe umo kwenye hilo gari. Mkinunua kwa mtu, msikae na kadi yenye jina lake. Badilisheni umiliki TRA mapema.

Je, wewe na mwenzi wako kikomo chenu ni shilingi ngapi? Kama hamjawahi kukitaja, kaeni mkiongelee jioni ya leo, gari likiwa bado linawaka. Gereji hamtaelewana.