Mti wa shambani kwako: ni wako ao ni wa Serikali?

Mkulima anaangusha mikalitusi yake miwili apate feza ya masomo ya watoto. Mbele hata ya kupasua mbao, mtu anafika na kusema: «Miti yote ni ya Serikali, lipa kwanza.» Ni kweli?

Hapana, si yote. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inatenganisha mambo mawili. Kipengele cha 7 kinasema misitu ni mali ya Serikali. Lakini kipengele cha 9 kinasema mti ulio ndani ya shamba ni wa mwenye shamba, na anaweza kumwachia mtu mwingine. Ile ya shamba la wote ni ya kijiji.

Basi tuangalie. Kama umekodi shamba, patana na mwenyewe mbele ya kukata. Ndani ya parke, kama Virunga ao Kahuzi-Biega, kukata ni marufuku. Na kuuza ao kusafirisha mbao kunaweza kuwa na kodi yake, kila jimbo na yake.

Wakikuomba feza, uliza kwa upole: ni sheria gani? Na usilipe bila kupewa karatasi yenye muhuri.