Fimbo ya vitesi ya chini: P iwe P ya kweli



Tuwaze jambo moja. Ni siku ya Mungu. Baba mmoja anarudi na gari yake mbele ya lupango. Gari ni ya otomatiki. Siku ya posho iliyopita alibadilisha fimbo ya vitesi: ile ya kwenye usukani aliitoa, akafunga nyingine chini, kati ya viti viwili, fimbo ya zamani ya Marekani yenye kung'aa. Sasa anasukuma fimbo mpaka P, anaacha moteri inazunguka, anashuka kufungua mlango wa lupango. Fimbo inaonyesha P. Lakini ndani ya sanduku la vitesi, P haijaingia. Moteri inatetemeka, fimbo inateleza kidogo, na gari inaanza kurudi nyuma yenyewe. Nyuma kuna watoto wanacheza.

Hii si hadithi ya kutisha watu bure. Katika mwaka 1980, kule Marekani, Ford ilikubaliana na serikali kuwatumia watu wenye gari karibu milioni 23 karatasi za onyo za kubandika ndani ya gari, sababu ya malalamiko kwamba gari zilizowekwa kwenye P zilitoka zikarudi nyuma. Na gari hizo zilikuwa na fimbo za kiwandani. Sisi tunaofunga fimbo kwa mikono yetu, chini ya mwembe, tunapaswa kuangalia mara mbili.

FIMBO HIZI ZILITOKA WAPI?

Gari za kwanza za otomatiki zilizouzwa kwa wingi zilikuwa Oldsmobile za mwaka 1940, zenye sanduku la Hydra-Matic la General Motors. Fimbo yake ilikuwa kwenye usukani. Hakukuwa na P: shofere alizima moteri, kisha aliweka R ili gari isiende. Baadaye Chevrolet ilileta Powerglide, iliyotengenezwa tangu 1950 mpaka 1973. Powerglide za kwanza zilikuwa na mpango P-N-D-L-R, maana yake R ilikaa mwisho kabisa, baada ya L.

Katika miaka ya 1960 vijana wa Marekani walipenda gari za mbio, wakataka fimbo ya chini kama ile ya gari yenye klachi. Viwanda kama Hurst na B&M viliwauzia fimbo za kufunga wenyewe. Hurst ilitoa fimbo yenye njia mbili, iliyoitwa Dual/Gate: upande mmoja unaendesha kawaida, upande wa pili unapandisha vitesi moja baada ya nyingine kwa mkono. Pontiac GTO ya mwaka 1967 yenye otomatiki iliweza kutoka kiwandani na fimbo hiyo.

Tangu tarehe 1 Januari 1968, sheria ya Marekani ilitaka kwamba N ikae kati ya R na vitesi vya kwenda mbele, na kwamba moteri isiwake kama fimbo iko katika kitesi cha kwenda mbele au cha kurudi nyuma. Sheria hiyo ilikuja kulinda watu. Fimbo ya zamani iliyotolewa katika gari moja na kufungwa katika nyingine inaweza kuvunja ulinzi huo bila mwenyewe kujua.

NDANI YA SANDUKU KUNA NINI?

Fimbo haisukumi gia moja kwa moja. Inasogeza mkono mdogo wa chuma ulio ubavuni mwa sanduku. Mkono huo unasogeza vali, na vali inapeleka mafuta yenye nguvu pale yanapotakiwa. Kila mahali pa vitesi pana kishimo kidogo, na mkono ukifika hapo unasikia «tik».

Kama fimbo na mkono havikubaliani, vali inasimama katikati. Mafuta yanapita nusu, klachi za ndani zinateleza, zinaungua. Sanduku linakufa katika muda mfupi, na pesa za nyumba zinakwenda garajini.

Lakini ubaya mkubwa ni kwenye P. P ni jino la chuma linaloanguka katika gurudumu lenye meno, na kuzuia shimo la kutokea nguvu lisizunguke. Jino likiingia, gari inashikwa. Likigusa tu juu ya meno, gari inaonekana imeshikwa, kisha mtetemo mdogo unaliachisha.

Shofere aliyezoea gari ya klachi akumbuke neno lingine. Gari ya klachi ukiizima na kuiacha katika vitesi, moteri inaizuia. Otomatiki si hivyo. Moteri ikizimwa, pampu ya mafuta imelala, na kwenye D gari inatelemka kama iko kwenye N. Ni P na freni ya mkono tu zinazoishika.

KABLA YA KUGUSA KLE

1. Uliza kwanza: fimbo hii ilitengenezwa kwa sanduku gani? Fimbo ya Powerglide ina vitesi viwili vya kwenda mbele. Turbo-Hydramatic 350 na 400 zina vitatu. Umbali kati ya «tik» na «tik» si mmoja kwa masanduku yote. Kama sehemu za kubadilishia hazipatikani, usilazimishe. Fimbo nzuri isiyolingana na sanduku ni chuma cha kuuza tu.

2. Angalia uzee wake. Bushi zilizokula, springi iliyolegea, kable ngumu: badilisha zote kabla ya kufunga. Milimita chache za mchezo juu ya fimbo zinatosha kukupotezea P.

3. Simamisha gari mahali pa usawa. Zuia mapine ya mbele kwa vipande vya mti, mbele na nyuma yake. Inua nyuma, kisha weka miguu ya chuma pande zote mbili. Usiingie kamwe chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake.

4. Usiinue pine moja tu la nyuma ukitumaini P. Katika gari inayosukumwa na mapine ya nyuma, pine lililo hewani linaweza kuzunguka, na lile lililo chini likazunguka upande mwingine. Gari inatelemka hata kama P imeingia vizuri. Hii ni kweli vilevile siku unapobadilisha pine barabarani.

5. Toa waya wa batri upande wa kutoa, ngoja moteri ipoe, fukuza watoto mbali.

KUFUNGA

Fungua fito la zamani kwenye mkono wa sanduku. Kisha, kwa mkono wako, sogeza ule mkono toka mwisho mmoja mpaka mwisho wa pili, ukihesabu «tik». Hapa ndipo unajifunza sanduku lako. Tafuta P: moteri imezimwa, zungusha kwa mkono ule mti wa chuma unaopeleka nguvu nyuma. Mahali pote unazunguka. Kwenye P tu unakataa. Weka alama kwa rangi.

Kabla ya kutoboa tole la chini, tazama upande wa pili. Pale kunapita bomba la esanse, bomba la freni, nyaya za umeme. Mtu mmoja akitoboa bila kutazama, amejitengenezea moto.

Funga fimbo kwa bulo zilizokazwa, na chini yake weka bamba la chuma, sababu tole peke yake linapinda. Tole likipinda, fimbo inasogea na P inasogea nayo. Kama unatumia kable, ipitishe mbali na bomba la moshi na uipe mkunjo mpana. Kable iliyokunjwa sana inagoma, na iliyoungua inakatika.

Kisha jambo kubwa kuliko yote. Weka fimbo kwenye P. Weka mkono wa sanduku kwenye P. Rekebisha urefu wa fito au kable mpaka pini iingie katika tundu lake yenyewe, bila kusukuma na bila kuvuta. Kama unailazimisha, bado. Ikiingia, weka pini ya kuzuia isitoke. Halafu peleka fimbo R, N, D mpaka vitesi vya mwisho, huku mwenzako akisikiliza chini: kila mahali pawe na «tik» yake. Kama P ni nzuri lakini vitesi vya mwisho haviingii, usigawanye kosa nusu kwa nusu. Fimbo hailingani, au bushi zimekwisha.

Mwisho, ziba tundu la chini kwa mpira uliokazwa vizuri pande zote. Moshi wa moteri una monoksidi ya kaboni. Haina harufu wala rangi, na inaua. Ikiingia katika gari, kichwa kinauma, usingizi unakuja, shofere anadhani ni uchovu wa kazi ya usiku. Watoto walio kwenye kiti cha nyuma wako katika hatari ileile. Tundu dogo chini ya gari yenye bomba la moshi lililooza linatosha.

KUJARIBU

Usiende barabarani kuonyesha rafiki. Kwanza jaribu haya.

Swichi ya kuwashia. Shusha gari chini, acha vizuizi kwenye mapine, rudisha waya wa batri, kaza freni ya mkono. Toa waya wa bobini ili moteri isiwake. Kanyaga freni, mtu asisimame mbele wala nyuma. Geuza ufunguo kwenye P na N: staata izunguke. Geuza kwenye R, D na vingine vyote: inyamaze kabisa. Kama inazunguka kwenye D au R, gari hiyo haijakwisha kutengenezwa. Watu wengine wanaunganisha nyaya mbili na kuondoa swichi «ili isisumbue». Ndugu, swichi hiyo ndiyo inayozuia gari kuruka mbele wakati mtoto anacheza na ufunguo.

Taa za kurudi nyuma. Ziwake kwenye R peke yake.

Kufuli ya fimbo. Vuta fimbo toka P bila kubonyeza kitufe chake. Isitoke. Jaribu vilevile toka N kwenda R.

Kilima. Rudisha waya wa bobini. Nenda mahali penye mteremko mdogo, weka kipande cha mti hatua moja chini ya pine. Weka P, zima moteri, kisha achia freni polepole. Gari isogee kidogo tu, ikae. Rudia kwa upande wa pili.

Baada ya wiki moja za kuendesha, rudi chini, kaza bulo, tazama pini. Chuma kipya kinatafuta mahali pake.

KWA KILA NYUMBA

Siku hizi gari nyingi za otomatiki zinaingia Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Hata kama fimbo yako haikubadilishwa, bushi zake zimezeeka. Basi kila shofere ashike desturi hii: simamisha gari kabisa, kaza freni ya mkono, weka P, zima moteri, toa ufunguo, ndipo ushuke. Mama akiona baba anashuka na moteri inazunguka ili afungue mlango wa lupango, amkumbushe bila haya. Na watoto wafundishwe kutocheza nyuma ya gari, hata ile iliyolala.

Kule mungotini hakuna anayekubali kusimama chini ya jiwe ambalo halikugongwa kwanza kusikiliza sauti yake. P ya gari yako nayo igongwe, isikilizwe, ijaribiwe. Neno P lililoandikwa juu ya fimbo ni rangi tu. Kinachoshika gari ni lile jino la chuma ndani.

USALAMA KAZINI, USALAMA NYUMBANI.